Wake Watarajiwa wa Mfalme Wakapendana Wao kwa Wao: Maoni Yangu Kuhusu World of Wakanda

Kwanza niseme mapema, hiki kitabu cha komiki sio kipya. Kilitoka 2017, kwa hiyo anayetafuta habari za moto za Marvel hapa hatazipata, mimi mwenyewe nimekipata kwa kuchelewa kama tunavyopata vitu vingi huku kwetu, kwa mtu aliyemwambia mtu aliyekuwa anarudi nyumbani na begi lina nafasi. Jina lake kamili ni Black Panther: World of Wakanda, na chini wameongeza Dawn of the Midnight Angels. Ni matoleo 6 yamebanwa kwenye kitabu kimoja chembamba. Mwandishi mkuu ni Roxane Gay, mchoraji mkuu Alitha Martinez, na Ta-Nehisi Coates ambaye ndo alikuwa anaandika Black Panther yenyewe kipindi kile amekaa pembeni kama mshauri. Nimekisoma mara tatu, ya kwanza usiku mmoja bila kulala, ya pili taratibu, ya tatu nikiwa na mama yangu mdogo pembeni na hiyo ya tatu ntaisimulia maana ndo iliyonifanya nikae niandike.

Kwa ambaye hajakiona, ni hadithi ya mapenzi ya wanawake wawili, Ayo na Aneka, wote Dora Milaje, wale walinzi wa kike wa T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya kutunga ya Afrika, ambaye ndo Black Panther mwenyewe. Na sio mapenzi ya kukisia, yale ya mwandishi kuacha vidokezo viwili vitatu halafu mashabiki wabishane miaka 10 kama ni marafiki au ni zaidi. Hapa wanapendana, wanabusiana, wananuniana, wanaachana, wanarudiana, yote kwenye kurasa, kwenye mwanga, kwenye kitabu cha Marvel kampuni kubwa kabisa.

Sasa mtu wa Mwanza anahusika vipi na Wakanda? Tulieni. Zamani Wakanda ilikuwa inawekwa kule karibu na Ziwa Turkana, lakini Coates alipoanza kuandika mwaka 2016 akaja na ramani yake na kwenye ile ramani Wakanda ipo Ziwa Victoria. Yani ziwa letu! Imezungukwa na nchi za kutunga, Mohannda, Canaan, Niganda, lakini maji ni yaleyale tunayovua sato na dagaa. Muvi ya kwanza ya Black Panther ilipotoka Februari 2018 ikaoneshwa Kisumu kwa shangwe kwa sababu baba yake Lupita Nyong'o, aliyecheza humo, ndo alikuwa gavana wa pale, watu wakaona kama bahati tu, mimi nikasema hapana, wamepeleka nyumbani. Hata lile kabila la milimani la M'Baku linaitwa Jabari, jina ambalo darasani kwetu shule ya msingi walikuwepo wawili. Kwa hiyo mtu akiniambia haya mambo ni ya Wamarekani hayatuhusu namjibu Wamarekani ndo wametuhusisha, wameweka ufalme wao wa ndoto kwenye ziwa letu bila kuuliza, basi na sisi tuna haki ya kusema wamepika vizuri au wameunguza.

Ili uone uzito wa hiki kitabu lazima ujue Dora Milaje walianzaje, na hapa ndo penyewe. Black Panther yupo tangu 1966, Stan Lee na Jack Kirby walimuingiza kwenye komiki ya Fantastic Four, lakini hawa dada hawakuwepo. Walikuja 1998, mwandishi Christopher Priest na mchoraji Mark Texeira. Na kwa Priest hawakuwa walinzi tu, walikuwa wake watarajiwa. Kila kabila la Wakanda linatoa binti, anafundishwa kupigana, anamlinda mfalme, na kwa mila yeyote kati yao anaweza kuolewa na mfalme, ndo njia ya kuyafanya makabila yasigombee kiti. Walikuwa wanaongea Kihausa tena na mfalme peke yake. T'Challa wa Priest aliwaona kama mabinti zake, hakuwagusa, ila mmoja wao, Nakia (sio huyu wa Lupita kwenye muvi, huyu wa kwenye komiki), mfalme alimbusu siku moja akili ikiwa imechezewa na shetani wa Marvel anayeitwa Mephisto, basi binti akachanganyikiwa kwa mapenzi mpaka akageuka adui. Hiyo ndo ilikuwa habari ya mapenzi ya Dora Milaje kwa miaka mingi. Mwanamke anamtaka mfalme, anamkosa, anakuwa kichaa.

Bibi yangu angeelewa ile mila mara moja, angesema ni mabinti wa kupelekwa ikulu, chifu anatoa binti ili ng'ombe wake wasiguswe. Kitu ambacho hakikuulizwa tangu 1998 ni hiki: mabinti wote hawa wamefungiwa kambi moja miaka na miaka, wanalala pamoja, wanavuja damu pamoja, wanaambiwa nyie ni wa mfalme ambaye hata hana habari na nyie, je wao wanataka nini? Coates akauliza 2016 kwa mara ya kwanza, Roxane Gay akapewa kitabu kizima ajibu. Jibu lake ni kwamba wawili kati yao wanatakana wao kwa wao, na kiapo hakijaacha nafasi ya hilo.

Aneka ni mkufunzi. Aliyepita JKT anamjua huyu mtu, afande mwenye mgongo ulionyooka, haongei mara mbili, makuruta wanamuogopa na wanataka awasifie. Ayo anaingia kambini kuruta mjeuri, ana kipaji na anajua kuwa anacho, anajibu pale ambapo wengine wanainamisha kichwa. Unajua tu hawa wataishia wapi, hata kipofu anaona, raha yenyewe ni njiani. Roxane Gay hajawahi kuandika komiki kabla ya hii, alikuwa anajulikana kwa insha na hadithi fupi, na inaonekana kwa uzuri na kwa ubaya. Uzuri ni kwamba anajua watu wanaotamaniana wanavyoongea, yani sentensi nusu nusu, kejeli, mtu anafoka kwa sababu anaogopa kutabasamu. Aneka anamkemea Ayo kwa kosa ambalo kuruta mwingine angesamehewa, na wewe msomaji unacheka peke yako maana unajua anajikemea mwenyewe.

Sasa kitu kilichonishangaza. Hakuna hata ukurasa mmoja ambapo mtu anashtuka kwamba ni wanawake. Hakuna. Hakuna mama anayelia, hakuna wenzao wa kambini wanaonong'ona uchafu, hakuna ile sini ya "nina jambo nataka kukwambia" huku muziki unalia. Tatizo la Aneka ni kwamba yeye ni afande na yule ni kuruta wake, hilo tatizo la kwanza, na la pili wote wameapa kwamba maisha yao ni ya kiti cha enzi. Ni kama kungwi ampende mwali aliyekabidhiwa amfunde, watu wangeshika kichwa kwanza kwa hilo la ukungwi. Aneka anajitesa na kanuni alizozifundisha mwenyewe. Nimesoma hadithi nyingi za wapenzi wa jinsia moja ambapo kisa chote ni kukubaliwa au kukataliwa na watu, mpaka wahusika wenyewe huwajui wanapenda kula nini, hapa unawajua. Aneka ni mtu wa kupanga, Ayo ni mtu wa kuruka halafu ndo aangalie chini. Kuna watu watasema ni ndoto tu, nchi gani ya Afrika hiyo isiyoshtuka, na mimi nawajibu kwamba hii nchi ina madini yanayopaa na paka anayeongea na wafu, mkashindwa kuamini hili tu?

Haya, mama mdogo. Alikuja kutoka Tanga kwa matibabu ya macho akakaa kwangu wiki mbili. Kingereza hajui, ila picha anapenda, kila nikisoma anachungulia. Nikajikuta nafunika kurasa kwa kiganja kama mtoto wa shule anayeficha mtihani, maana sikujua ntamuelezeaje. Siku moja akanikuta kwenye ukurasa Ayo na Aneka wamekaa karibu karibu wanaangaliana, akauliza hawa nani, nikasema ni walinzi wa mfalme mama, wanaishi kambini. Akaangalia sana. Akasema, "Mashoga hawa wanapendana kweli." Nilipaliwa na chai. Sasa kwa msomaji wa bara asiyejua, pwani mwanamke akimuita mwenzie shoga ni rafiki yake wa ndani, wa kupeana siri na kuazimana khanga, mama mdogo ana shoga yake wa miaka 40 wanapigiana simu kila asubuhi. Na neno hilohilo ndo watu wanalitumia kama tusi kwa wanaume. Mama alimaanisha lile la kwake la khanga. Nikasema ndio mama, wanapendana. Akasema basi geuza ukurasa tuone. Tukageuza, tukasoma mpaka mwisho, mimi natafsiri, mengine naruka, na kuna mahali nilidhani naruka lakini nikiangalia macho yake (hayo hayo mabovu) naona hajaruka kitu.

Tuje kwenye michoro. Alitha Martinez kazi yake kubwa ni nyuso. Wasichana wake ni weusi kweli, weusi wa aina mbalimbali, sio rangi moja ya kahawia imemwagwa kwa wote, pongezi pia kwa Rachelle Rosenberg aliyepaka rangi. Misuli ni misuli ya mtu anayefanya mazoezi, mavazi hayajakatwa kumfurahisha mvulana wa miaka 14, na hilo kwenye komiki za supahiro sio jambo la kupita hivihivi, angalia wanawake wa miaka ya 90 walivyochorwa utaumwa kiuno kwa niaba yao. Martinez anachora mapenzi kwa mikono. Angalia mikono yao, nani anamgusa nani, wapi, kwa muda gani. Ila kwenye mapigano anayumba, kuna kurasa sielewi ngumi imetoka upande gani, na baadhi ya fremu za nyuma hazina kitu kabisa, ukuta mtupu, Wakanda yenye teknolojia ya kutisha inaonekana kama stoo. Majalada ya Afua Richardson ni mazuri mno kiasi cha kuwa tatizo, maana unafungua ndani ukitegemea yale yale.

Afua huyo huyo kachora kihadithi kifupi kilichowekwa kwenye toleo la kwanza, kimeandikwa na mshairi Yona Harvey, kinamhusu Zenzi, mwanamke wa Niganda mwenye uwezo wa kuchochea hisia za watu, ambaye kwa Coates anakuja kuwa kiongozi wa waasi. Kizuri, lakini kimekaa pale kama mgeni aliyefika mapema. Roxane Gay na Yona Harvey walitangazwa kuwa wanawake weusi wa kwanza kushika uandishi mkuu wa kitabu cha Marvel, mwaka 2016, kampuni ambayo mizizi yake ni 1939. Piga hesabu mwenyewe.

Lawama yangu kubwa ni hii, na hapa kama hujasoma bado ruka aya mbili. Hadithi ya Ayo na Aneka inatokea kipindi ambacho kwenye vitabu vingine vya Marvel Wakanda inapigwa kila upande. Mwaka 2012 Namor mfalme wa Atlantis aliizamisha Wakanda kwa mafuriko. Mwaka uliofuata likaja jeshi la Thanos, yule katili wa kutoka angani. Halafu malkia Shuri, dada yake T'Challa, anaanguka akiitetea nchi. Na muda wote huo T'Challa ana kikao chake cha siri na wakubwa wenzake, Namor akiwemo, huyo huyo aliyewazamisha watu wake. Haya yote yaliandikwa na watu wengine miaka ya nyuma, kwa hiyo Gay analazimika kupita katikati yake kama bodaboda kwenye foleni ya Kariakoo. Unakuwa ndani ya chumba na wapenzi wawili, joto limepanda, geuza ukurasa, MAFURIKO. Tumetoka, tumekaa, wanaanza kuongea, geuza ukurasa, majeshi kutoka angani. Mtu ambaye hajasoma zile nyingine hataelewa kwanini watu wanalia. Mimi nilikuwa najua nusu na bado nilirudi nyuma mara mbili. Hasira ya Dora Milaje kwa mfalme, ambayo ndo moyo wa mambo yote, inahitaji uelewe usaliti wa kile kikao na Namor, na kitabu kinakupa kurasa chache tu za hilo.

Lakini kinapofika mwisho kinakaa sawa. Aneka anamuua mtemi mmoja wa kijiji aliyekuwa anawaharibu wasichana wa watu wake huku ikulu ipo kimya. Malkia mama Ramonda anamhukumu kifo, sheria ni sheria. Ayo anaenda kuomba, anakataliwa, anaiba mavazi ya chuma ya majaribio yanayoitwa Midnight Angel, anavunja gereza, wanaondoka wote wawili angani. Sasa unganisha na pale mwanzo. Msichana aliyetolewa na kabila lake awe wa mfalme, anavua ule uzi, anavaa chuma, na wa kwanza anayemlinda na hiyo silaha ya mfalme ni mpenzi wake. Uasi wa hawa wawili ambao Coates anauandika kwenye kitabu chake unaanzia hapo, kwenye mtu mmoja aliyekataa mwenzie anyongwe. Hadithi hii ya pembeni inaishia palepale ambapo ile kubwa ya Aprili 2016 inaanzia, na nikaenda kuisoma ile kubwa tena nikaona kumbe mwanzo nilikuwa nasoma nyumba bila mlango.

Halafu ukishapangusa machozi unageuza na kukuta toleo la 6 ambalo halina Ayo, halina Aneka, halina Roxane Gay. Limeandikwa na Rembert Browne, limechorwa na Joe Bennett, linamhusu polisi mmoja wa New York, Kasper Cole, aliyewahi kuvaa nguo za Black Panther. Sio baya. Lakini ni kama umekula harusini, pilau limekolea, ukasubiri keki, ukaletewa risiti ya umeme. Sielewi nani alikaa akaona hapo ndo mahali pake.

Sasa niwape siasa ya nyuma kidogo maana bila hiyo utaniona nashangilia busu tu. Marekani mwaka 1954 wachapishaji wa komiki walijiwekea kanuni zao wenyewe baada ya wazee kupiga kelele kwamba komiki zinaharibu watoto, daktari mmoja, Fredric Wertham, aliandika kitabu akidai mpaka Batman na Robin wanaishi kama mke na mume. Ile kanuni ikapiga marufuku hata kudokeza mapenzi ya jinsia moja. Miaka miwili baadaye, 1956, DC, wapinzani wa Marvel na wenye Batman, wakamleta Batwoman, mwanamke wa kumtamani Batman ili watu watulie. Sasa cheka, mwaka 2006 DC wakamrudisha Batwoman mpya, Kate Kane, na safari hii anapenda wanawake. Kinga imegeuka ugonjwa wenyewe, wazee wangezimia. Kanuni ililegezwa 1989, na Marvel wakamtoa Northstar wa kundi la Alpha Flight hadharani 1992, supahiro wao mkubwa wa kwanza kusema kwa mdomo wake kwamba anapenda wanaume, na aliyekuja kumuoa mpenzi wake Kyle mwaka 2012. Lakini 2013 waliokuwa wanamuandika Batwoman, J.H. Williams III na W. Haden Blackman, wakaacha kazi kwa sababu ofisi iliwakatalia kumuozesha Kate na mchumba wake, wakubwa wakajitetea kwamba mashujaa hawatakiwi kuwa na raha nyumbani. Na 2019 Brazil meya wa Rio aliagiza kitabu cha Avengers kiondolewe kwenye maonesho ya vitabu sababu ya busu moja la vijana wawili, Wiccan na Hulkling, matokeo yake gazeti la Folha likalichapa lile busu ukurasa wa mbele na kitabu kikaisha sokoni. Kwa hiyo hii kitu ni hatua mbili mbele, moja nyuma, na mtu amekaa mlangoni anahesabu mabusu.

Ndo maana yaliyoikuta World of Wakanda yananiuma. Ilianza Novemba 2016, ikafungwa baada ya matoleo 6. Sababu ni mauzo. Ila elewa mauzo ya komiki Marekani yanavyohesabiwa, sio wewe msomaji unayehesabiwa kwanza, ni mwenye duka, anaagiza miezi kabla na kisichouzika hakirudishwi, kinamfia. Kwa hiyo anaagiza anachokijua, Batman, Spider-Man. Wasomaji wa Roxane Gay ni watu wa kwenda duka la vitabu kununua kitabu kizima, wengi hawajawahi kukanyaga duka la komiki maishani, wao walikuwa wanasubiri hiki nilichonacho mkononi, wakati kinafika rafu kitabu kilishauawa. Miezi michache baadaye, Februari 2018, muvi ya Black Panther ikatoka ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 na kila mtu anaweka mikono kifuani anasema Wakanda milele. Na katikati ya 2018 hii hii marehemu ikapewa tuzo ya Eisner ya mfululizo mfupi bora, ambayo kwenye komiki hakuna ya juu yake, na tuzo ya GLAAD pia, lile shirika la Marekani linalotetea wapenzi wa jinsia moja. Tumezoea kumvisha maiti suti nzuri, lakini hii ilizidi.

Muvi nazo? Ayo anachezwa na Florence Kasumba, Mjerumani aliyezaliwa Kampala, kwa hiyo ziwa limejiletea mtu wake tena. Yupo tangu muvi ya Captain America: Civil War ya 2016, na ana kile kichwa na yale macho, unaamini kabisa huyu anaweza kuiba chuma avunje gereza. Lakini Aneka hakuwepo mpaka Wakanda Forever mwaka 2022, akachezwa na Michaela Coel, ambaye alisema waziwazi kwamba Aneka kuwa mwanamke anayependa wanawake ndo kilichomvuta, hasa akifikiria Ghana kwa wazazi wake. Nikaenda sinema nimejiandaa. Tukapata busu la paji la uso. La paji la uso! Kama mama anampeleka mtoto shule. Jamaa wawili nyuma yangu hata hawakugundua, walikuwa wanabishana kuhusu nyangumi. Ukisoma kitabu ukarudi kwenye ile sini unaona kila kitu, mtu aliyesota gerezani, aliyeokolewa, historia yote ipo kwenye ile sekunde. Usiposoma unaona makomandoo wawili wanasalimiana. Nadhani ndo walivyotaka iwe, busu la kukatwa kirahisi nchi ikikataa na la kutetewa kirahisi nchi ikiuliza mbona hamna.

Kwa hiyo ununue? Ndio, ila nunua kwa akili. Kama ni kimoja tu unaweza, soma matoleo 5 ya kwanza, la 6 lifanye la kusomea chooni. Kama una hela ya viwili, kichukue pamoja na kile cha kwanza cha Coates, A Nation Under Our Feet, uanze na World of Wakanda halafu ufuatie hicho, usifanye kinyume kama mimi. Kingereza chake sio kigumu, mtoto wa kidato cha tatu anakisoma. Nilikilipia elfu 60 na kitu pamoja na nauli ya mleta mzigo, na kilifika kona imekunjwa na jalada lina alama ya kikombe cha chai, aliyenitafutia akasema ndo hali ya mpya kule Ulaya. Toleo la kusoma kwenye simu lipo na ni nafuu, ila michoro ya kurasa mbili inakatika vibaya kwenye skrini ndogo. Nyota 4 kwa 5, nyota moja nimeikata, nusu kwa mafuriko na nusu kwa risiti ya umeme.

Na kwa mtu anayeuliza kama ni salama kukiacha mezani nyumbani, sijui nyumba yako. Mimi kwenye daladala nakisoma jalada limelala mapajani. Nyumbani nilikiacha mezani wiki ile nzima na mama mdogo akawa anakifungua mwenyewe nikiwa kazini, najua kwa sababu nakuta alama ya pamba ya dawa ya macho kwenye kurasa. Alivyorudi Tanga akapiga simu, tukasalimiana, shikamoo marahaba, akauliza habari za kazi, akaniambia macho yanaendelea vizuri, halafu kabla ya kukata akauliza wale mashoga wawili walioruka na chuma, walifika walikokuwa wanaenda au walikamatwa? Nikamwambia walifika mama, wakajichukulia na eneo lao kabisa, kaskazini kule kwa Jabari. Akasema haya, niletee na hicho.